Shule za Mwakiro Katika Mizani

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa darasa la tisa yatangazwapo nchini Burundi, shule hupangwa kwa daraja, iliyotangulia ikasifiwa na iliyobaki nyuma ikalaumiwa, na msomaji akaziona shule za vilimani Mwakiro, katika eneo la Muyinga, zimewekwa mizani moja na shule za mji wa Gitega, kana kwamba zote ziling'oa nanga siku moja. Taarikhi ya shule hizo haisemi hivyo, na mwenye kutaka insafu yampasa aijue kabla ya kutoa hukumu.

Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, walifungua kituo cha Muyaga mwaka 1898, kisha Mugera, karibu na Gitega, mwaka 1899, na Rugari, upande wa Muyinga, mwaka 1909. Wajerumani nao wakahamishia makao ya utawala wao Gitega mwaka 1912, na tangu hapo mji ule ukawa na vitu viwili vizaavyo shule, yaani boma na kanisa. Wabelgiji, walioitwaa nchi mwaka 1916, waliwaachia wamisionari kazi ya kufundisha wakawapa ruzuku. Na shule iliyopendelewa kupita zote, ile ya Astrida, nchini Ruanda, iliyoasisiwa mwaka 1929 chini ya Mabruda wa Upendo, ilikusudiwa hasa kwa wana wa machifu wa Ruanda na Urundi. Mtoto wa mkulima wa Mwakiro, ambaye baba yake hakuwa na cheo wala jamaa mjini, fungu lake aghalabu lilikuwa sala, herufi na hesabu kidogo katika kibanda cha mkatekista.

Wako na wengine ambao hawatajwi sana. Katika mitaa ya Waswahili ya Gitega na Muyinga wazazi Waislamu walichelea kuwapeleka watoto wao penye shule ambayo mlango wake ulikuwa pia mlango wa ubatizo, wakaridhika na chuo cha Kurani. Na kwa kuwa elimu ya misheni ndiyo iliyokuwa njia ya kazi za serikali, tahadhari ile iliwagharimu vizazi kadhaa. Lugha yao ya Kiswahili nayo iliwekwa kando ya masomo, na haikurejea katika shule za msingi ila katikati ya miaka ya 2000, Burundi ilipokuwa ikijiandaa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Baada ya uhuru wa mwaka 1962 lilikuwapo tumaini kwamba dola ingesawazisha mambo. Badala yake ukaja mwaka 1972, ambapo walimu na wanafunzi wa Kihutu walikuwa miongoni mwa maelfu waliouawa, na wazazi wengi wa Kihutu wakajifunza, kwa uchungu usiosahaulika, kwamba kalamu yaweza kumwua mtoto wao. Mageuzi ya mwaka 1973 yalikifanya Kirundi kuwa lugha ya kufundishia darasa za mwanzo na kuleta kilimo shuleni, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa jema. Na mwaka 1982 ikaanzishwa kanuni ya zamu mbili, ili chumba kimoja na mwalimu mmoja watosheleze makundi mawili. Mwenye kuiona zamu hiyo hahitaji kuelezwa gharama yake: kundi la asubuhi hutoka, la alasiri likaingia katika madawati yale yale, na mwalimu, sauti imekwisha kumkauka, hufuta ubao na kulianza upya somo alilolimaliza punde hivi.

Fauka ya hayo, marais watatu wa Burundi waliofuatana, Micombero, Bagaza na Buyoya, walitoka mkoa mmoja wa Bururi, na mkoa huo ukapata shule za sekondari kupita fungu lake, ilhali mikoa ya kaskazini na mashariki, Muyinga ikiwamo, ilibaki nyuma. Si ajabu kwamba Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000, yaliyokusudiwa kuzima vita vilivyowaka tangu mwaka 1993, yaliutaja mgawanyo wa haki wa shule miongoni mwa masharti ya amani.

Mwaka 2005 ada ya shule ya msingi ikafutwa, na watoto wakamiminika. Wananchi walifyatua matofali na kupandisha kuta katika kazi za umma za Jumamosi, hata vilima vingi vikapata shule ambayo havikuwa nayo. Lakini ukuta huinuka upesi kuliko mwalimu, na mabati hayafundishi. Kuanzia mwaka 2013 shule ya msingi ikawa ya miaka tisa, ndiyo maana mtihani wake ni wa darasa la tisa. Katika shule zilizomo katika mpango wa chakula wa serikali na Shirika la Chakula Duniani, uliofika Muyinga na Gitega pia, mtoto hupanda kilima na sahani mkononi na kuni kwapani, na maharage ya mchana ndiyo yamzuiayo kurudi nyumbani kabla ya masomo kwisha.

Basi anayezilinganisha shule aulize kwanza mwendo wa mtoto kutoka nyumbani, idadi ya walimu, vitabu kwa kila dawati, na kama darasa ni la zamu moja au mbili, ndipo asome alama. Na hili lina haraka yake: mgawanyo mpya wa nchi, ulioanza kutumika mwaka 2025, umepunguza mikoa kutoka 18 hadi 5 na tarafa kutoka 119 hadi 42, na Mwakiro si tarafa ya peke yake tena. Hesabu zake zikichanganywa na za mji wa Muyinga, wastani utapendeza macho na upungufu wa vilimani utafichika. Wakuu wa elimu na waendelee kuziandika na kuzitangaza hesabu za shule kwa kila kilima, nanyi wazazi wa Mwakiro ziulizeni.