Bazungu walifurahia nini Masisi?



Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye Goma sasa anafanya kazi Kuala Lumpur. Alinipigia simu Jumapili, tukaongea zaidi ya saa nzima. Anasema mji ule umejaa wageni kutoka Ulaya, Marekani na Australia, na wengi wao hawataki kurudi kwao. Ukiwauliza sababu, wanajibu karibu kitu kimoja: kodi ya nyumba si ghali, chakula kipo kila kona ya barabara usiku na mchana, daktari anapatikana, jua halikosekani, na mshahara wa kule kwao ukifika huku unakuwa mkubwa. Halafu akaniuliza, nusu mzaha: "Na kwetu Masisi je, bazungu walifurahia nini?"

Nilicheka. Lakini nilipoweka simu chini swali likabaki, kwa sababu babu yangu alishanijibu zamani nikiwa mtoto, sikujua tu kwamba ni jibu la historia.

Babu alikuwa boyi wa jikoni kwenye nyumba ya mlowezi mmoja wa Kibelgiji, upande wa juu wa Mushaki. Nyumba yenyewe niliikuta ikiwa kuta tupu, mikaratusi imeizunguka, dohani bado imesimama. Nilimuuliza kwa nini yule muzungu alijenga mahali penye baridi hivi, wakati chini kwenye ziwa kuna joto zuri. Babu akajibu: "Muzungu alipenda baridi, sababu kuni hakukata yeye."

Tuanze basi na hiyo baridi, maana ndiyo iliyowaleta. Milima ya Masisi inapita mita 2,000 sehemu nyingi, udongo wake ni wa volkano, malaria ni kidogo kuliko bondeni, na majani yanaota mwaka mzima. Wabelgiji walipaita Uswisi ya Afrika, na mtu aliyeona ng'ombe wakilisha kwenye yale malisho asubuhi, ukungu ukipanda, hawezi kuwacheka. Wakoloni wengine walikuwa na akili hiyohiyo. Wafaransa walijenga Dalat juu ya nyanda za Vietnam, Waingereza wakapanda chai Cameron Highlands kule Malaya. Rafiki yangu anasema watu wa Kuala Lumpur bado wanapanda huko wikendi kutafuta hewa. Muzungu wa enzi zile, popote alipotawala nchi ya joto, alitafuta mlima wa kumkumbusha kwao, akapanda maua yake na kuwasha moto jioni.

Ila hewa peke yake haileti mtu kutoka Antwerpen. Ilihitajika ardhi, na hapo sheria ilitangulia mbali. Mwaka 1885 serikali ya Leopold II ilitangaza kwamba ardhi yote "tupu" ni ya dola. Tupu kwa macho ya nani? Mhunde aliyeacha shamba lipumzike miaka kadhaa, au aliyechungulia msitu kwa uwindaji na asali, hakuhesabiwa kuwa anaitumia. Mwaka 1928 ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, ile CNKi ambayo wazee wetu waliitaja kama jina la mtu. Kazi yake kubwa ilikuwa kugawa ardhi kwa walowezi na makampuni. Ndiyo mashamba ya kahawa, chai, pareto na miti ya kinini yakaenea vilimani, na ng'ombe wakapewa malisho ambayo jana yalikuwa vijiji.

Sasa ardhi ipo, nani atailima? Hili ndilo eneo la historia yetu ambalo tukilifika tunaanza kuinua sauti, kwa hiyo naomba tusome polepole.

Wahunde hawakutosha, na wengi hawakutaka kazi ya kapita na kiboko. Upande wa pili, Rwanda ilikuwa chini ya Wabelgiji haohao, imebanana watu, na ilikuwa imetoka kwenye njaa kali ya 1928 na 1929. Kuanzia 1937 utawala ukaanzisha mpango rasmi wa kuwahamisha Wanyarwanda kuja Masisi. Uliendelea kwa vipindi mpaka 1955, na hesabu inayotajwa sana ni watu kama 85,000. Walipewa eneo la Gishari, wakawekewa utawala wao wa kimila uliochomolewa kutoka kwa Wahunde, kisha mwaka 1957 utawala huo ukafutwa na Wabelgiji haohao waliouunda. Walileta watu, wakawapa kiti, wakakiondoa, miaka mitatu baadaye wakapanda ndege.

Nasema hivi kwa sababu sisi wasomi tuna ugonjwa wa kuanzia historia pale inapotufaa. Mwenzangu Mhunde anaanza na ardhi iliyochukuliwa, na ana haki. Mwenzangu Mnyarwanda wa Masisi anaanza na babu yake aliyepandishwa lori akapewa jembe, naye ana haki. Tunayemsahau ni yule aliyekaa barazani na kahawa yake, akifurahia mandhari. Furaha yake ilihitaji ardhi ya mmoja na mikono ya mwingine, na hao wawili ndio walioachiwa deni walipane wao kwa wao. Mwaka 1963 mpaka 1965 tukapigana. Sheria ya 1972 ikawapa uraia waliohamia kabla ya 1960, ya 1981 ikaunyang'anya kwa kurudi mpaka Agosti 1885, kana kwamba mwaka ule kulikuwa na karani anayeandika majina Gishari. Machi 1993 vita vikaanzia sokoni Ntoto, huko Walikale, vikapanda Masisi yote. Na mpaka leo neno "mgeni" kwetu linaweza kumuua mtu, wakati Kuala Lumpur linamletea punguzo la kodi.

Simaanishi kila muzungu alikuwa mnyonyaji wa barazani. Nitataja wawili wa aina nyingine, ingawa mmoja si wa kwetu hasa.

Rosamond Carr, Mmarekani, alikuja Kivu mwaka 1949 na mume wake. Ndoa ikavunjika, mume akaondoka, yeye akabaki akiendesha shamba la pareto Mugongo, ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Alikaa kupita uhuru, kupita bei ya pareto kuanguka. Mwaka 1994 alilazimika kuondoka wakati wa mauaji ya kimbari, lakini kabla mwaka haujaisha alikuwa amerudi, ana zaidi ya miaka 80, akageuza jengo la kukaushia maua kuwa nyumba ya watoto yatima. Alifariki 2006, hukohuko Rwanda. Aliandika maisha yake, na mtu anaweza kuuliza maswali mengi juu ya shamba lile. Mimi naona tu kwamba furaha yake ilistahimili kupotea kwa faida.

Wa pili ni watawa wa Mokoto, hapa hapa Masisi. Walifika 1954 kutoka abasia ya Scourmont, Ubelgiji, wakajenga karibu na yale maziwa mazuri, wakafuga, wakasali, wakapokea vijana wa Kikongo katika utawa. Mei 1996 vita vilifika mpaka kwao: watu waliokimbilia monasteri waliuawa, na watawa wakahama. Mahali pa utulivu namna ile, hata Mungu alikuwa na wageni wake pale, na bado.

Walikale ni habari tofauti, nitaipita haraka. Kule ni msitu, mvua na joto, barabara inameza lori. Mlowezi wa kutafuta baridi hakwenda. Alikwenda mtu wa madini, akifuata mshahara na mkataba. Makampuni yaliunganishwa 1976 kuwa SOMINKI, bei ya bati duniani ikaanguka 1985, na wageni wakaondoka na bei. Baada ya Bisie kugunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wageni wapya wakawa marubani wa ndege ndogo waliotua Kilambo juu ya kipande cha barabara ya lami, watu wakisogea pembeni na baiskeli zao, wanapakia kasiteriti, wanaruka kurudi Goma. Sijui kama mtu anaweza kuipenda nchi anayoiona dakika arobaini kwa siku.

Halafu wakaja wa kizazi chetu. Baada ya wakimbizi wa Julai 1994 Goma ilijaa mashirika, 1999 ukaundwa ujumbe wa Umoja wa Mataifa, MONUC, na 2007 MSF wakaanza kazi hospitali ya Masisi. Wengi wetu tuliomaliza chuo miaka ile mkate wetu ulitoka hapo, tusijifanye. Mimi nilikuwa mtunza ghala na mkalimani wa shirika moja. Wageni wale walikuwa na kila sababu ya kukosa raha: amri ya kutotoka usiku, redio mkononi, geti na walinzi, ruhusa ya kwenda Gisenyi kuogelea kila baada ya wiki kadhaa. Hata hivyo niliwaona wenye furaha. Siku moja nilimuuliza muuguzi mmoja wa Kizungu anapenda nini hapa. Akafikiri, akasema: "Hapa ninapolala najua leo nimefanya nini." Nilimwamini, na bado namwamini. Alikuwa anaamka usiku kwa ajili ya mama mjamzito asiyemjua.

Mkataba wake ulikuwa miezi tisa. Mwezi wa saba risasi zilisikika karibu, helikopta ikaja kuwachukua wenye pasipoti za mbali. Alinikumbatia akilia, kweli akilia, kisha akanikabidhi funguo za ghala. Mimi ndiye niliyebaki nazo. Sikumlaumu, hata mimi ningepanda. Lakini usiku ule nilimkumbuka babu na kuni zake.

Nilimpigia rafiki yangu juzi nikamsomea haya. Alinyamaza kidogo, akasema yeye sasa ndiye mgeni mwenye furaha: ana nyumba nzuri, anakula vizuri, na nyumba hiyo inasafishwa na mama kutoka Indonesia ambaye hajawaona watoto wake miaka miwili. Hakuwahi kumuuliza jina la kijiji chake. Akasema atamuuliza.

Halafu akabadilisha mazungumzo. Anatamani fromaje, ile ya Masisi, duara la njano tulilokuwa tunanunua kwa wamama wa Goma tukalila na mkate wa moto. Mapadri walifundisha kuitengeneza, wafugaji wetu wakaichukua, na katika mali yote waliyoacha bazungu naona hiyo pekee hatujaigombea kwa bunduki, ingawa ng'ombe tumeibiana vya kutosha. Nilimwambia siku hizi inachelewa kushuka, inategemea nani ameshika njia ya Sake wiki hiyo. Akasema hata nusu kilo. Kama kuna mmoja wenu anakuja Kampala mwezi huu, aniandikie.