Nipeli ya grisi

Nipeli ya grisi ni kifaa kidogo cha chuma kinachofungwa kwenye mashine ili kupitishia grisi hadi kwenye viungo vinavyosuguana, kama vile pini, bushi na beringi. Hupatikana kwenye magari, mashine za kilimo na hasa mitambo mizito kama ekskaveta, katapila na greda. Ekskaveta moja huwa na nipeli nyingi, na baadhi yake ziko mahali ambapo mkono wa fundi haufiki kwa urahisi.

Muundo

Ndani ya nipeli kuna gololi ndogo inayosukumwa na springi. Shinikizo la pampu ya grisi huisukuma gololi nyuma na grisi hupita. Shinikizo likiisha, gololi hurudi na kuziba tundu, hivyo grisi haitoki na vumbi haliingii. Umbo linalotumika sana leo lilibuniwa na Oscar Zerk, mzaliwa wa Vienna nchini Austria aliyefanya kazi Marekani. Hataza yake ya Marekani ilitolewa mwaka 1929.

Kuna nipeli zilizonyooka, za pembe ya nyuzi 45 na za nyuzi 90. Hesi zake pia hutofautiana. Zile za kipimo cha metriki ni hasa M6, M8 na M10, zote zikiwa na hatua ya milimita 1. Za kipimo cha inchi ni hasa ya robo inchi yenye hesi 28 kwa inchi, na ya bomba ya 1/8 yenye hesi 27 kwa inchi. Hii ya mwisho na M10 zinakaribiana kwa unene, kwa hiyo huchanganywa mara nyingi. Nipeli isiyo yake huingia mizunguko michache tu, kisha huharibu hesi za tundu.

Sababu za kubadilisha

Nipeli huharibika kwa kugongwa na mawe, kuliwa na kutu, au gololi yake kukwama kwa uchafu. Dalili ni grisi kukataa kuingia, kuvuja pembeni mwa mdomo wa pampu, au kutoka yenyewe baada ya pampu kuondolewa. Nipeli iliyofichika ina hatari zaidi kwa sababu husahaulika. Kiungo kisichopata grisi hukauka, pini na bushi hulika, na tundu lenyewe hupanuka. Hapo kitu cha bei ndogo huleta matengenezo ya gharama kubwa.

Kabla ya kuanza

Mashine huegeshwa mahali tambarare, ndoo ya kuchimbia hushushwa hadi chini, injini huzimwa na ufunguo huondolewa. Shinikizo la haidroli hutolewa kama kitabu cha mashine kinavyoelekeza. Mtu hapaswi kuingia chini ya mkono wa mashine ulioinuliwa na haidroli pekee, kwani mpira ukipasuka mkono huanguka.

Namna ya kubadilisha

1. Eneo husafishwa vizuri kwa brashi na tambara, maana mchanga ukiingia kwenye tundu hufika moja kwa moja kwenye beringi.
2. Nipeli hufunguliwa kwa spana ya pete au boksi spana ndefu. Penye nafasi finyu, boksi huungwa na kiungo kinachojikunja.
3. Iliyoshikwa na kutu hutiwa mafuta ya kulegeza, huachwa kwa muda, kisha huzungushwa mbele na nyuma kidogokidogo. Moto hauufai mpira wa sili ulio karibu.
4. Iliyokatika hutobolewa kwa keekee na kutolewa kwa kifaa cha kung'olea skrubu zilizovunjika. Ncha ya keekee hupakwa grisi ili ishike vipande vya chuma.
5. Nipeli mpya huanzishwa kwa vidole kwanza. Ikikataa, isilazimishwe: huenda hesi si zenyewe. Kisha hukazwa kwa kiasi. Ya pembe huelekezwa upande ambao pampu itafika.
6. Grisi husukumwa hadi ile mpya ionekane kwenye kingo za kiungo. Isipoonekana, njia ya ndani imeziba kwa grisi iliyoganda, na pengine pini italazimika kutolewa na kusafishwa.

Kurahisisha ufikaji

Tatizo likijirudia, nipeli huweza kuhamishwa. Mrija wa chuma au mpira unaohimili shinikizo hufungwa kwenye tundu la zamani, na nipeli huwekwa upande wa pili mahali panapoonekana. Mrija hujazwa grisi kabla ya kuungwa, la sivyo hewa na nafasi tupu humfanya fundi adhani kiungo kimepata grisi. Mashine nyingine zina mfumo mkuu unaogawa grisi kwa viungo vyote. Hata hivyo mirija yake hukaguliwa, kwa sababu mmoja ukikatika kiungo chake hukauka kimyakimya.

Tahadhari

Nipeli ya kukaza mnyororo wa ekskaveta au katapila si ya kulainisha. Nyuma yake kuna grisi yenye shinikizo kubwa sana, na sehemu ikifunguliwa ovyo huruka na inaweza kuua. Hufunguliwa kwa kufuata kitabu cha mashine tu, na fundi hasimami mbele yake.

Pampu ya grisi, hata ya mkono, hufikisha shinikizo la bar mia kadhaa na inaweza kupenyeza grisi chini ya ngozi. Jeraha huonekana kama tundu dogo lisilouma sana, lakini ni dharura: aliyejeruhiwa hupelekwa hospitali mara moja, maana kuchelewa kunaweza kusababisha kukatwa kidole au mkono.