Ngoma iliingia kanisani kupitia masomo

Siku ya Mungu asubuhi, kwetu Hewa Bora, mtu akipita karibu na kanisa anasikia ngoma zinapigwa na korali inaitikia. Kijana wa leo anaona ni jambo la kawaida. Lakini wazee wanajua: haikuwa hivyo tangu mwanzo.

Mapadri Wabenedikto kutoka Ubelgiji walifika Katanga mwaka 1910, wakiongozwa na Jean-Félix de Hemptinne. Katika masomo ya misioni mtoto alifundishwa kusoma, kusali na kuimba Kilatini. Kwa wamisionere wengi wa wakati ule, ngoma ilikuwa kitu cha kipagani, ikabaki inje ya mlango.

Ajabu ni kwamba ni masomo hayo hayo yaliyofungua mlango. Hapa Lubumbashi, ikiitwa bado Élisabethville, Dom Anschaire Lamoral aliunda korali ya watoto, Chanteurs à la Croix de Cuivre. Jina hilo linakumbusha misalaba ya shaba ambayo babu zetu walitumia kama feza. Pamoja nao alikuwa mwana wa inchi, Joseph Kiwele, mwalimu wa muziki. Alijua noti za Wazungu na pia nyimbo za kwao, akaandika Misa ya Katanga yenye sauti ya hapa. Mwaka 1960 alitunga wimbo wa taifa wa Katanga, akawa pia waziri wa elimu. Alikufa mwaka 1961.

Kule Kamina, mupe Guido Haazen, Mfransiskano, alifika mwaka 1953. Aliunda kundi la watoto wapata 45, wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu 15. Hawakuandika Misa yao kwanza. Waliimba wakatunga palepale. Kyrie ilifuata kasala, maombolezo ya Waluba; Sanctus ilifuata wimbo wa kuagana. Mwaka 1958 walienda Ulaya, wakaimba hata kwenye maonyesho makubwa ya Brussels, na Missa Luba ikatolewa kwenye sahani. Yote hayo yalikuja mbele ya Mtaguso wa Vatikano, ambao mwaka 1963 uliandika kwamba muziki wa kila taifa upewe heshima yake.

Sasa tujiulize: ni nani alitunga Missa Luba? Mara nyingi jina linaloandikwa ni la Haazen. Mwalimu Joachim Ngoi anatajwa kama mwimbaji, basi. Wale watoto waliotoa sauti zao hawatajwi. Kwa Kiwele si hivyo: yeye aliandika noti kwa mkono wake, na kazi inabaki yake.

Kwangu mimi, hiyo ndiyo kazi kubwa ya masomo ya muziki. Kumfundisha mtoto kuimba vizuri ni chema, kumfundisha kusali kwa kuimba ni chema zaidi. Lakini afundishwe pia kuandika wimbo wake na kutia jina lake. Leo korali zetu nyingi zinaimba kwa sikio tu. Mzee mmoja akizikwa, nyimbo ishirini zinamfuata kaburini.

Basi kila korali iwe na kaye yake: wimbo, mtunzi, mwaka. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.