Nyungu (tiba)

Nyungu ni tiba ya asili ya kujifukiza inayotumika Tanzania, mijini na hata katika vijiji vya Morogoro kama Mikese. Neno hilo lina maana ya chungu, ingawa siku hizi sufuria hutumika zaidi. Majani ya mkaratusi, mwarobaini au mchaichai huchemshwa, kisha mgonjwa hujifunika blanketi pamoja na chombo na kuvuta mvuke hadi atoke jasho. Sauna ya infraredi hupasha mwili joto kwa mionzi, bila mvuke.

Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, rais John Magufuli alihimiza kujifukiza. Mvuke huweza kulegeza kamasi kwa muda, lakini hauponyi UVIKO-19. Hatari kubwa ni kuungua kwa maji ya moto, hasa kwa watoto, kwani chombo hukaa gizani chini ya blanketi.