Mwanafunzi wa miaka 18 aliyeharibu stori tamu ya kwantamu

Wasee, kila mara kuna kampuni inatangaza kwamba kompyuta yake ya kwantamu imeiacha mbali kompyuta ya kawaida. Sawa. Lakini imeiacha ikitumia njia gani? Hilo swali wengi hatuulizi.

Turudi 2016. Watafiti wawili, Iordanis Kerenidis na Anupam Prakash, walitoa njia ya kwantamu ya kupendekezea watu vitu, vile programu hukuchagulia filamu ya kutazama. Hakukuwa na njia yoyote ya kawaida iliyoikaribia kwa kasi. Huko Chuo Kikuu cha Texas, Austin, Scott Aaronson akampa mwanafunzi wake, Ewin Tang, kazi: thibitisha kwamba kompyuta ya kawaida haiwezi.

Tang akajaribu, ikakataa. Mwishowe akaanza kushuku kwamba labda inawezekana. 2018, akiwa na miaka 18 tu, akatoa njia ya kawaida iliyofuta lile pengo kubwa. Manze! Alitumwa kujenga ukuta, akarudi na mlango.

Sasa shida iko hapa. Kuonyesha kwantamu ina kasi, unahitaji njia moja tu nzuri. Kuonyesha kompyuta ya kawaida haiwezi, lazima ufunge kila njia, hata zile hakuna mtu amefikiria bado. Ndiyo maana hoja nyingi zinaegemea dhana. 2011, Aaronson na Alex Arkhipov walionyesha kwamba kama kompyuta ya kawaida ingeiga kikamilifu na kwa haraka chembe za mwanga zikipita kwenye mtandao wa vioo, ngazi nzima ya ugumu wa hesabu ingeporomoka. Wataalamu wengi wanaamini ngazi hiyo haiporomoki. Wanaamini. Hakuna aliyethibitisha.

2019 Google wakaja na Sycamore, kyubiti 53. Walisema imemaliza kwa sekunde 200 kazi ambayo kompyuta kubwa kabisa ingechukua miaka 10,000. IBM wakajibu: hapana, siku mbili na nusu. 2022 watafiti wa China wakaifanya kwa kama saa 15, kwa mashine za kawaida.

Msiniskie vibaya, sisemi kwantamu ni uongo. Njia ya Peter Shor ya 1994, ya kutafuta vigawo vya namba kubwa, mpaka leo haijapata mpinzani wa kawaida anayejulikana. Na mashine za kwantamu zinazidi kukua.

Ninachosema ni kwamba ile "miaka 10,000" ilipimwa kwa njia zilizojulikana siku hiyo. Tusingejua hivyo kama watu wangepiga makofi tu wakaenda nyumbani. Kwa hivyo ukiona tangazo lingine, uliza: wameshindana na njia gani, na ni nani amejaribu kuiboresha? Tang alikuwa rika letu alipojaribu.