Mchafukoge na Kariakoo: Soko na Baraza Lake

Kuna majina ya mahali yanayotaja mti, mengine mto, mengine mtu. Mchafukoge ni jina linalosomeka kama amri: aliye mchafu, na akoge. Kata yenye jina hilo ni ndogo, nayo imebanwa katikati ya Kivukoni, penye bahari na ofisi za serikali, na Kariakoo, penye soko. Mwenda kwa miguu huivuka kabla hajachoka. Hata hivyo, atakaye kujua jinsi Dar es Salaam ilivyotawaliwa, tangu zama za Sultani hadi leo, hana haja ya kwenda mbali. Katika eneo hilo dogo mipaka imechorwa, ikafutwa na kuchorwa tena, na mara nyingi aliyeshika kalamu hakuwa mkaazi wa hapo.

Msomaji wa visiwani anakijua chanzo cha habari hii, kwani kimeanzia kwake. Katikati ya miaka ya 1860, Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, aliichagua bandari iliyotulia jirani na kijiji cha wavuvi cha Mzizima, akaanza kujenga kasri na nyumba za mawe. Alifariki mwaka 1870 kabla mji haujasimama, na ndugu yake Barghash hakuuendeleza. Mwaka 1887 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki iliweka kituo chake hapo, na mwaka 1891 serikali ya Kijerumani ikahamisha makao makuu yake kutoka Bagamoyo na kuyaleta Dar es Salaam. Hivyo mji ulianza kwa uamuzi wa ikulu ya Unguja, na ukakuzwa kwa uamuzi wa ikulu ya Berlin.

Mwaka huohuo wa 1891 ndipo ilipotolewa kanuni ya ujenzi iliyougawa mji kwa aina ya nyumba. Ufukweni ziliruhusiwa nyumba za Kizungu peke yake. Nyuma yake majengo imara ya mawe. Na mbali zaidi nyumba za miti, udongo na makuti. Kanuni haikuhitaji kutaja taifa la mtu. Ilitosha kutaja ukuta wake, kwa kuwa kila mtu alijua nani angeweza kujenga ukuta gani. Mwaka 1905 ujenzi wa Reli ya Kati ulianza hapo bandarini; ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mazao ya bara yakateremka pwani, vitambaa na bidhaa za dukani zikapanda bara, na mitaa iliyo kati ya stesheni na mji ikawa mitaa ya wafanyabiashara, wengi wao kutoka Bara Hindi. Huko ndiko Uhindini, ambako Mchafukoge imo. Magharibi yake Wajerumani walipanga mji mpya wa Waafrika, wenye mitaa iliyonyooka, pamoja na jengo la soko.

Vita vya kwanza vya dunia vikaingia kati. Waingereza waliutwaa mji mwaka 1916, na eneo lile jipya likageuzwa kuwa kambi ya wapagazi, yaani Carrier Corps. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa katika vita ambavyo havikuwa vyao, na zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Mwaka 1927 askari alisimamishiwa sanamu ya shaba katikati ya mji. Mpagazi alitajwa katika maandishi yaliyo chini yake. Lakini watu walikwisha kumpa mpagazi ukumbusho wao bila kuamriwa na mtu: walilitamka jina la kikosi chake kwa ulimi wa Kiswahili, likawa Kariakoo. Mwaka 1923 jengo lilifunguliwa kuwa soko, na jina likabaki.

Waingereza walitawala Tanganyika kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, kwa hiyo ubaguzi wa wazi ungewatia aibu. Mwaka 1924 wakarudia hila ya mtangulizi wao: kanda tatu, kila moja na kiwango chake cha ujenzi. Watu hawakudanganyika na maneno ya kitaalamu. Waliziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya kanda ya pili na ya tatu uliachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja. Msomaji wa Unguja hatashangaa, maana naye ana Mnazi Mmoja yake, na ana Mji Mkongwe na Ng'ambo. Watawala walikuwa walewale, na mawazo yao juu ya miji yalikuwa yaleyale.

Je, mpaka ule ulishika? Katika karatasi, ndiyo. Katika biashara, hata siku moja. Mwenye duka Uhindini aliuza kwa wakaazi wa Kariakoo na kukopesha wachuuzi wao; mchuuzi alivuka uwanja asubuhi na mzigo, akarudi jioni na fedha au na deni. Kariakoo yenyewe ilijengwa na wenyeji wake. Nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma na baraza mbele, iliwapa wengi, wakiwemo wanawake, kodi ya kujikimu. Ilimpa pia mgeni kutoka bara mahali pa kuanzia maisha. Barazani watu walikaa, wakacheza bao, wakasomeana magazeti, wakazungumza siasa. Si ajabu basi kwamba Julai 1954 chama cha TANU kilizaliwa huko, katika nyumba ya mtaa uliokuwa ukiitwa New Street, na ambao leo ni Lumumba, mkabala na uwanja uliokusudiwa kuwatenga watu. Mnazi Mmoja ukawa uwanja wa mikutano.

Baraza jingine, lile la mji, lilichelewa. Dar es Salaam ilipewa hadhi ya manispaa mwaka 1949. Mwaka 1960 ikapata Meya wake wa kwanza Mwafrika, naye alikuwa mshairi: Sheikh Kaluta Amri Abedi, mwandishi wa Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu kilichotoka mwaka 1954. Wapenzi wa ushairi hawana budi kulikumbuka jambo hili. Mtu aliyefunza kwamba shairi halisimami bila vina na mizani ndiye aliyekabidhiwa mji uliopimwa na wengine. Desemba 1961, pamoja na uhuru wa nchi, manispaa ikapandishwa kuwa jiji, na Mnara wa Saa ukajengwa kuwa kumbukumbu ya hadhi hiyo.

Uhuru ulifuta kanda za rangi, lakini haukufuta desturi ya kupanga mambo ya hapa kutoka juu. Mwaka 1971 sheria ya kutaifisha majengo ilichukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Uhindini iliguswa kuliko mahali pengi: aliyelala mwenye nyumba aliamka mpangaji, na wengi wakahama nchi. Mwaka 1972 siasa ya Madaraka Mikoani ikaja na jina zuri na matokeo kinyume, kwa kuwa mabaraza yaliyochaguliwa yalivunjwa na kazi zao zikapewa maofisa wa serikali kuu. Miji ilirejeshewa mabaraza mwaka 1978, baada ya mitaro, taka na barabara kuonyesha gharama ya kutokuwa na mwenyewe.

Katika kipindi hichohicho Kariakoo ilipata jengo lake kuu. Msanifu wake alikuwa Beda Amuli, Mtanzania, na soko lilifunguliwa mwaka 1975 mahali pa lile la zamani. Paa lake ni miavuli ya zege iliyobebwa na nguzo kama miti, nayo hukinga maji ya mvua. Chini ya ardhi kuna ghala na biashara ya jumla. Ni kazi ya mtu aliyejua kwamba soko la Kiafrika huanza chini ya mti. Lakini usimamizi wake ulipewa shirika la umma lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1974, si baraza la mji. Soko lilikuwa la watu wa mjini. Funguo zilikuwa kwingine.

Baada ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, Kariakoo haikuwa tena soko la vyakula tu. Ilifika Dubai, kisha China, na wateja wake wakatoka Zambia, Malawi, Kongo na Komoro. Nyumba za Kiswahili zikabomolewa moja baada ya moja, zikainuka ghorofa zenye maduka hadi chini ya ardhi. Mabaraza ya nje yakaondoka pamoja nazo. Na baraza la mji? Mwaka 1996 Serikali ililivunja na kuweka Tume ya Jiji hadi mwaka 2000, zilipoundwa manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke chini ya Jiji. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa tena, na manispaa ya Ilala, yenye kata za Mchafukoge na Kariakoo, ikapandishwa kuwa jiji.

Kila mara sababu zilitolewa, na baadhi zilikuwa na uzito: uzembe, ubadhirifu, mwingiliano wa madaraka. Lakini tazama yaliyofuata. Julai 2021 soko kuu liliungua. Mei 2023 wafanyabiashara walifunga maduka kulalamikia kodi na jinsi inavyokusanywa, na Waziri Mkuu mwenyewe akaja kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Juni 2024 wakafunga tena. Novemba 2024 ghorofa moja ya Kariakoo iliporomoka, watu zaidi ya 20 wakafa. Soko ambalo likifunga siku moja nchi nzima husikia, likiwa na shida humtafuta Waziri Mkuu, kwa kuwa halina baraza la karibu lenye nguvu ya kulimalizia jambo lake.

Kiswahili kimetumia neno moja, baraza, kwa kikalio cha mawe mlangoni na kwa mkutano wa watu wenye mamlaka. Wahenga hawakukosea: wanaoamua mambo ya mtaa ni wale wanaouona mtaa wakiwa wameketi. Wajerumani walipima kuta, Waingereza wakapima kanda, na waliofuata wakapima hadhi: manispaa, jiji, tume, na jiji tena. Mchafukoge imeamriwa vya kutosha, hata kwa jina lake. Kinachosubiriwa ni siku itakapoulizwa, na jibu lake likatiliwa maanani.