Simba Aliyefyatua Taa

Asubuhi moja ya Julai nilikaa kwenye benchi la studio moja mjini Bariadi, nikisubiri picha zangu za pasipoti. Kabla yangu alikuwapo bibi mmoja aliyevaa kitenge kipya, amekuja na wajukuu wanne. Msimu wa pamba ulikuwa umekwisha kufunguliwa, na mjini hapa, pesa ya pamba ikiingia, studio nazo hujaa.

"Mwangaluka, mayu," kijana mpiga picha akamwamkia kwa Kisukuma, akamkalisha kwenye stuli na kuwapanga watoto pembeni yake. Akabonyeza. Taa ya kushoto ikawaka, ya kulia ikanyamaza. Akabonyeza tena, sasa ya kulia ikawaka na ya kushoto ikanyamaza. Mara ya tatu zote zikawaka, lakini mjukuu mdogo alikwisha kuchoka kusubiri na akafumba macho.

Kijana hakukasirika. Alilegeza ringi ya plastiki iliyobana kidude kilichokuwa juu ya kamera, akakichomoa, akakigeuza, akasugua vijichuma vya chini yake kwa kifutio cha penseli, taratibu, kimoja baada ya kingine. "Vumbi, mayu. Msimu huu vumbi linaingia kila mahali." Akakirudisha, akakaza.

Kidude hicho wapiga picha wetu wanakiita triga. Kazi yake ni kuiambia taa iliyosimama mita tatu kando kwamba ni sasa, wala si kabla wala baada. Swali linalojibiwa na triga lina umri zaidi ya miaka mia moja, na mmoja wa watu wa mwanzo kabisa duniani kulihangaikia alilihangaikia hapa kwetu, katika nyika za kaskazini mwa nchi hii, usiku, akiwa anavizia simba.

Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walichanganya unga wa magnesiamu na klorati ya potasiamu, wakapata unga uliolipuka kwa mwanga mkali wa kufumba na kufumbua. Kwa mara ya kwanza picha ya gizani ikawezekana kwa kila mwenye kuthubutu. Kuthubutu ndilo neno lenyewe, kwa sababu unga ule uliunguza nyusi, uliteketeza mapazia na kujaza chumba moshi mweupe. Lakini haukuwa na shida ya kuoanisha mwanga na kamera. Mpiga picha alifungua lenzi gizani, akaulipua unga, akafunga lenzi. Mlipuko wenyewe ndio uliopima muda wa picha.

Yule mviziaji simba, Carl Georg Schillings, alikuja Afrika Mashariki ya Kijerumani akiwa na bunduki, akarudi tena na tena akiwa na bunduki pamoja na kamera. Alichotaka ni simba wa usiku, simba halisi akiwa kwenye shughuli zake. Hapo ndipo alipogonga mwamba: mtu hawezi kusimama hatua kumi kutoka kwa simba, afungue lenzi, alipue unga, afunge lenzi, kisha aende zake. Kwa hiyo akafanya kama mwindaji anavyofanya, akatega. Alikaza uzi njiani, uzi ukaunganishwa na kamera na unga wa mwanga. Mnyama akipita, akigusa uzi, shata inafunguka na unga unalipuka kwa pamoja. Simba ndiye aliyefyatua taa, akajipiga picha mwenyewe.

Mwaka 1905 picha hizo zilitoka Leipzig katika kitabu ambacho jina lake la Kijerumani maana yake ni "Kwa Mwanga wa Kulipua na Bunduki". Wazungu walikuwa hawajawahi kuona kitu kama kile: simba jike ananyatia, macho yanang'aa, nyuma yake giza tupu. Huko Marekani George Shiras alikuwa akifanya jambo la aina hiyo kwa paa na wanyama wengine wa misituni, na picha zake 74 zikatokea katika jarida la National Geographic la Julai 1906.

Picha za Schillings huwa naziangalia kwa moyo mzito. Mbele ya simba wale alikuwa amefungwa punda au ng'ombe akiwa hai, awe chambo. Na mizigo yote ile, vioo vya picha, makopo ya unga, miguu ya kamera, ilibebwa vichwani na wapagazi wa nchi hii. Sifa ikaandikwa kwa mtu mmoja. Hata hivyo, uzi ule ulibeba wazo kubwa. Mkono wa mtu uliachana na taa, na kamera na taa zikafyatuka kwa amri moja. Triga yoyote iliyokuja baadaye imelirithi wazo hilo.

Studio za pwani hazikuwa na haraka hiyo. Zanzibar ilikuwa na wapiga picha tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, ambayo kazi zake zimekuwa kumbukumbu kubwa ya visiwa vile. Kwa studio za zama hizo mwanga ulikuwa wa dirisha, baadaye wa taa kubwa za joto zilizowaka muda wote. Anayepigwa picha aliuona mwanga tangu mwanzo hadi mwisho, akatoka jasho, akaambiwa asipumue.

Mabadiliko yalianzia kwenye balbu. Mwaka 1929 Ujerumani ilitoa Vacublitz, balbu ya kioo iliyowaka mara moja tu na kutupwa, isiyo na moshi wala mlipuko. Miaka michache baadaye Harold Edgerton wa chuo cha MIT, Marekani, akaonyesha jinsi umeme uliohifadhiwa kwenye kapasita unavyoweza kupasua mwanga ndani ya mrija wa gesi, tena na tena, kila mwanga ukidumu sehemu ndogo mno ya sekunde. Taa za flashi za studio za Bariadi leo ni wajukuu wa mrija ule.

Lakini mwanga mfupi kiasi hicho ulileta shida mpya. Ukiwaka wakati shata bado haijafunguka, umepotea bure. Ndipo watengenezaji wa shata wakaweka swichi ndani yake, na swichi hiyo ikatolewa nje kwa tundu dogo la mviringo ambalo bado lipo kwenye kamera nyingi za kitaalamu. Tundu hilo linaitwa PC, na herufi hizo zimetokana na shata mbili za Kijerumani, Prontor na Compur. Waya ukachomekwa hapo, ukaburuzwa sakafuni hadi kwenye taa.

Kwa miongo mingi studio ikawa ni waya. Ninazokumbuka mimi ni studio za utotoni mwangu, kabla Simiyu haijawa mkoa mwaka 2012, wakati Bariadi ingali wilaya ya Shinyanga. Pazia lilichorwa ndege au maporomoko ya maji. Kulikuwa na maua ya plastiki, na chini kulikuwa na waya mweusi ambao kila mtoto aliambiwa, "Ruka hapo, usikanyage." Tulikanyaga. Waya ukichomoka, taa haikuwaka, na fremu moja ya filamu ikaenda na maji.

Waya ulikuwa na hatari nyingine isiyoonekana. Baadhi ya taa za zamani zilipitisha kwenye waya ule umeme wa volti zaidi ya 200. Kamera za filamu zilivumilia, kwa kuwa swichi yao ilikuwa chuma kwa chuma. Kamera nyingi za dijitali hazikuumbwa kwa mzigo huo. Binamu yangu aliunganisha taa ya mtumba na kamera yake ya kwanza ya dijitali, aliyoinunua kwa mauzo ya pamba ya msimu mzima. Ikawasha taa mara kadhaa, kisha haikuwasha tena. Fundi aliifungua akamwonyesha palipoungua. Ningependa kila kijana anayerithi taa za baba yake alijue hili: faida kubwa ya triga ya redio ni kwamba kati ya taa na kamera hakuna chuma kinachogusana. Taa ikiwa na kichaa chake, itakufa na kipokezi cha redio kilichochomekwa kwake, si kamera.

Kabla ya redio kulikuwa na jicho. Taa ziliwekewa kihisio cha mwanga. Taa moja ikiwaka, jicho la nyingine linaona nayo inawaka papo hapo. Njia hiyo bado imo ndani ya taa nyingi, na chumbani inafanya kazi nzuri. Nje ni habari nyingine. Mtu aliyewahi kupiga picha za mbina, ngoma za Wasukuma za baada ya mavuno, vikundi vya Bagika na Bagalu vikishindana uwanjani saa nane mchana, anajua kwamba jua la kwetu hulipofusha jicho lile. Ukumbini kosa linageuka: kila mgeni mwenye kamera yenye flashi anawasha taa zako, na bwana harusi anapofika mbele ya keki taa bado zinajaza umeme. Tena kamera ikitanguliza mwako mdogo wa kupima mwanga, jicho linaudhani ndio wenyewe, taa inawaka mapema, na picha inatoka nyeusi ilhali macho yako yameona mwanga.

Redio ndiyo iliyomaliza ugomvi huo. Katika miaka ya 1990 kampuni ya LPA Design ya Vermont, Marekani, ilitoa PocketWizard, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa jina la triga kama vile Kodak lilivyokuwa jina la filamu. Za Marekani zilitumia mawimbi ya megahezi 344 na za Ulaya 433, kwa hiyo hazisikilizani. Hilo si jambo la kale tu: anayeletewa moja kutoka Marekani na nyingine kutoka Ujerumani atakuwa na vifaa viwili vizima vyenye taa za kijani, na picha hana.

Bei ya PocketWizard haikuwa ya Bariadi. Waliotufikishia redio ni Wachina. Kwanza zilikuja za megahezi 433, za bei ya chini, zenye tabia ya kufyatua zinapotaka. Kisha zikaja za gigahezi 2.4, kama RF-602 ya Yongnuo, na mwishowe familia ya Godox ya Shenzhen, X1, XPro na X2T, ambapo kipokezi kimejengwa ndani ya taa yenyewe. Nadhani hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko zote tangu uzi wa Schillings. Mpiga picha anabadilisha nguvu ya taa iliyo juu ya stendi bila kuondoka alipo, na mtoto aliyekwisha kutulia hatikiswi na mtu anayepita mbele yake. Taa kama AD200 inabeba betri yake, miwako 500 ya nguvu zote, hivyo umeme ukikatika harusi inaendelea.

Ndiyo maana anayenunua leo namsihi aanze na taa, triga ifuate. Triga na taa za familia moja zinaelewana. Za familia mbili zinahitaji mkalimani, na kila mkalimani ni kifaa kingine cha kuishiwa betri. Aangalie herufi ya mwisho ya jina: C kwa Canon, N kwa Nikon, S kwa Sony. Na asiende dukani Mwanza au Kariakoo bila kubeba kamera yake. Canon 2000D, 4000D na 250D, kamera ambazo vijana wengi huanza nazo kwa sababu ya bei, zimeondolewa kile kichuma cha katikati ambacho triga za kawaida hukitegemea. Zinahitaji triga iliyotengenezwa mahususi kwa Canon, yenye programu iliyosasishwa. Nimewaona vijana wakirudi na triga mpya isiyofyatua kitu, wakidhani wameuziwa mbovu.

Picha ikitoka na utepe mweusi chini, mara nyingi triga haina kosa. Shata ni mapazia mawili, na kasi ikipita 1/200 au 1/250 ya sekunde, pazia la pili huanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua. Na kwenye uwanja kama Nyakabindi, palipofanyika Nane Nane ya kitaifa mwaka 2018 hadi 2020, wapiga picha kumi wenye triga za aina moja waliozitoa kwenye boksi na kuziacha kwenye chaneli ya kwanza watawashiana taa mchana kutwa. Kwenye triga za Godox chaneli ziko 32. Kuchagua ya kwako ni kazi ya nusu dakika.

Upande wa mashariki wa mkoa huu, ng'ambo ya Pori la Akiba la Maswa, uzi wa Schillings ungalipo kwa sura nyingine. Tangu mwaka 2010 watafiti wametega kamera 225 katikati ya Serengeti, zinazofyatuliwa na joto na mwendo wa mnyama. Na Michael Nichols, aliyepiga picha za simba wa huko zilizotokea National Geographic la Agosti 2013, alitumia mwanga wa infraredi usioonekana na gari dogo la rimoti, asiwaharibie usiku wao. Hakuna punda aliyefungwa.

Studioni, kijana alikuwa amemaliza kukaza ringi. "Mayu, tazama hapa kwangu. Na wewe mdogo wangu, niambie, huyu ni nani?" Mtoto akamgeukia bibi yake, akacheka. Taa zote mbili zikawaka. Bibi akaomba kamera isogezwe, akainama juu ya kioo kidogo, akaweka kidole kwenye uso wa kila mjukuu akiwataja kwa majina, hadi wanne wakatimia.